Mtoto wangu kwenye keria ya baskeli: niendelee au niache?

"Ninaishi Wawi, Pemba. Kila asubuhi nampeleka mwanangu wa kiume, miaka mitatu na nusu, skuli ya maandalizi huko Chake kwa baskeli. Anakaa kwenye keria, nimemfunga kwa kanga kiunoni mwangu asije akaanguka. Mdogo wake wa miezi minane namfunga mgongoni, namwacha kwa bibi yake njiani. Mume wangu ni mvuvi, asubuhi mara nyingi hayupo. Njia ina vilima, na siku hizi gari na pikipiki zinakwenda mbio. Mume wangu anasema baskeli ni salama kuliko bodaboda. Mama mkwe wangu anasema watoto wote wa Pemba wamekulia juu ya baskeli na Mungu ndiye mlinzi. Lakini mtoto wa jirani yetu aliingiza mguu kwenye spoku akalazwa hospitali, na tokea hapo nikipanda baskeli roho inanidunda. Kofia ngumu ya mtoto sijaipata, nimeona za pikipiki za watu wazima tu. Kwa miguu ni zaidi ya nusu saa. Niendelee au niache?"

Dada yangu, nakupa jibu kwanza, maelezo baadaye. Huyo mdogo wa miezi minane mshushe kwenye baskeli kuanzia kesho, usingoje kununua kitu. Huyo mkubwa unaweza kuendelea naye, lakini pale anapokaa pabadilishwe, na vilima mvipite kwa miguu.

Umetaja gari kabla ya spoku, na wazazi wengi huzipanga hatari hivyo hivyo, maana gari ndiyo inayopiga honi. Sisi tunaokaa chumba cha majeruhi tunauona mpangilio mwengine. Mtoto kugongwa na gari ni msiba, na nitalifikia hilo. Ila mtoto aliyepakiwa baskeli mara nyingi huumizwa na baskeli yenyewe: gurudumu la nyuma linapokula mguu, baskeli inapopinduka hali imesimama, au breki zinapokataa kwenye mteremko. Haya matatu yako mikononi mwako na mwa fundi, na hayataki fedha nyingi. Ndiyo maana nitakaa nayo kwa urefu.

Tuchukue spoku. Gurudumu la baskeli ya namba 28, kama zile za Phoenix, likizunguka mara moja linakwenda mita 2 na kitu. Ukienda mwendo wako wa kawaida, tuseme kilomita 12 kwa saa, linazunguka mara moja na nusu kila sekunde. Lina spoku 36 au zaidi. Kwa hiyo spoku zaidi ya 50 zinapita ubavuni mwa mguu wa mwanao kila sekunde moja. Mguu ukiingia hapo, mtoto hana muda wa kuutoa wala wewe huna muda wa kushika breki. Unavutwa mpaka ukwame baina ya spoku na bomba la fremu, na mara nyingi mama anadhani amepita juu ya jiwe mpaka asikie ukelele.

Kinachoumia ni kisigino na kifundo. Ngozi ya hapo ni nyembamba, chini yake hakuna nyama, kwa hiyo inabanwa na kuchunwa kwa wakati mmoja. Kano kubwa ya nyuma ya kisigino inaweza kukatika. Mfupa unaweza kuvunjika huku nje unaona mchubuko tu. Na jeraha hili ni laghai: siku ya kwanza linaonekana dogo, mzazi anashukuru Mungu na kurudi nyumbani, halafu baada ya siku tatu nne ngozi inageuka nyeusi, kwa sababu mishipa midogo ya damu iliyokuwa ikiilisha ilisagika siku ile ile. Ndiyo maana mtoto wa jirani yako alilazwa, na ndiyo maana kila mguu ulioingia kwenye spoku unataka kuonwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mtoto ameshanyamaza kulia.

Likitokea, usiuvute mguu wala usilizungushe gurudumu kwa nguvu kurudi nyuma. Mtu aishike baskeli isitikisike, mwengine akamwite fundi au alete koleo, spoku zikatwe, mguu utoke wenyewe. Oshea maji safi yanayotiririka kwa muda mrefu, funika kwa kitambaa safi, inua mguu, mwende hospitali. Kahawa, majivu, dawa ya meno na mafuta ya taa viacheni nyumbani. Vinatuongezea kazi ya kusafisha, na mtoto ndiye anayelia. Chukua na kadi ya kliniki, tuangalie chanjo yake ya pepopunda.

Kwa nini mguu unaingia? Kwa sababu hauna pa kukaa. Keria imetengenezwa kwa mzigo, na mzigo hauna miguu. Mtoto wa miaka mitatu miguu yake inaning'inia sawasawa na spoku. Akisinzia, na watoto husinzia kwenye baskeli hata kwa safari fupi, miguu inalegea na kuingia ndani. Akiogopa mtikisiko anabana mapaja, na miguu inaingia ndani vile vile. Kanga uliyomfunga inashika kiuno tu. Miguu iko huru. Kumwambia "tanua miguu" kunasaidia mpaka atakapomwona mbuzi.

Hiyo kanga ina tatizo jengine. Umemfunga kwako, kwa hiyo kila unapoyumba naye anayumba, na ukianguka anaanguka na wewe, uzito wako wote ukiwa juu yake au kando yake, bila nafasi ya kujiokoa. Ncha ya kanga ikifunguka inakwenda moja kwa moja kwenye gurudumu. Hayo nayasema pia kwa ncha ya buibui lako na kanzu yake ya chuoni. Mtoto anatakiwa afungwe kwenye kiti, na kiti kifungwe kwenye baskeli. Wewe ubaki huru kuendesha.

Basi tafuta kiti. Kwenye baskeli za mitumba zinazotoka Japani na Ulaya huja viti vya watoto, wakati mwengine vimekaa nyuma ya duka vimejaa vumbi kwa sababu wanunuzi wanataka keria ya kubebea mizigo. Ukikipata, angalia plastiki isiwe imepasuka wala kukauka kwa jua, mikanda ifunge na kufunguka, na pale pa kukanyagia miguu pawe na mikanda yake. Viti vya nyuma vya Ulaya kwa kawaida vimetengenezwa kwa mtoto wa kilo 9 hadi 22. Mwanao wa miaka mitatu na nusu atakuwa kwenye kilo 14 au 15, kwa hiyo una miaka miwili zaidi mbele yako.

Usipokipata, fundi wa kuchomea anaweza kukutengenezea, na mimi nimeviona vilivyotengenezwa kwa nondo nyembamba na mbao vikafanya kazi yake. Lakini usimwachie fundi afikirie peke yake, maana atakutengenezea kitu kizuri cha kukalia tu. Mwambie unataka egemeo refu lifike mabegani mwa mtoto au zaidi, ili akisinzia asipinduke nyuma. Pande mbili ziwe na ubavu. Mkanda upite mabegani na kiunoni, usiwe wa kiunoni tu. Chini ya kila mguu kuwe na kibao cha kukanyagia chenye mkanda wa kushika unyayo. Kisha, hili ndilo la maana kuliko yote, kila upande wa gurudumu uzibwe kwa ubao mwembamba, bati lililokunjwa kingo au plastiki ya dumu, kuanzia kwenye keria mpaka chini ya nyayo zake, upana wa kutosha hata akirusha mguu nyuma asiifikie spoku. Yote yashikwe kwa bolti na nati. Mipira ya kufungia mizigo inanyumbuka, na kitu kinachonyumbuka hakimshiki mtoto. Keria nayo iangaliwe. Zile nyembamba za aluminiamu hazikukusudiwa mtu, na nyengine zimegongwa namba ya uzito zinaoweza kubeba.

Jambo dogo ambalo karibu kila mtu husahau: springi zilizo chini ya siti yako. Mtoto akikaa nyuma vidole vyake viko hapo hapo, na kila ukipita shimoni springi zinabana. Zifunike kwa kipande cha gozi au kitambaa kizito.

Kama leo huna kiti na huna fedha ya fundi, ziba gurudumu peke yake. Hata hilo likifanyika bila la pili, umeondoa jeraha moja baya sana. Mvishe na viatu vinavyofunika kisigino badala ya ndara.

Kuna watakaokushauri umweke mbele, kwenye bomba, ili umwone na umshike kwa mikono. Faida ya kumwona ni ya kweli. Lakini mguu ukiingia kwenye gurudumu la mbele, baskeli inasimama papo hapo na nyote wawili mnaruka juu ya usukani. Na ncha ya usukani ikimpiga mtoto tumboni inaweza kupasua ini au wengu bila kuacha alama nje zaidi ya duara dogo jekundu. Viti vya mbele vilivyotengenezwa maalumu vipo, ila vingi vinaishia kilo 15, na wako ameshafika hapo.

Sasa mdogo. Najua kwa nini unambeba mgongoni. Mama zetu wote wametubeba hivyo, na mama akitembea kwa miguu sina neno nalo. Kwenye baskeli mambo yanabadilika. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kwa mwili wake, karibu robo ya urefu wake wote anapozaliwa, na shingo inayokishikilia bado changa. Kila shimo unalolipita linafika shingoni mwake. Kofia ngumu hawezi kuivaa, kwa sababu uzito wake ungemwongezea mzigo shingo hiyo hiyo. Na mtu akianguka na baskeli huanguka ubavu au mgongo. Mgongo wako ndipo alipo. Jumuiya ya madaktari wa watoto ya Marekani inashauri mtoto asipakiwe baskeli kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na imetaja waziwazi kuwa hata kumbeba mgongoni au kifuani huku unaendesha haifai. Mimi sioni sababu ya kubishana nao katika hili.

Zaidi ya hapo, yeye mgongoni na kaka yake nyuma, wewe una kilo zaidi ya 20 zinazotikisika nyuma yako, juu ya usawa wa siti. Ndiyo maana usukani unauhisi mwepesi ukipanda kilima.

Kwa hiyo mdogo afike vipi kwa bibi yake? Nimelifikiria kwa hali yako. La kwanza, bibi aje yeye, au mumeo siku ambazo maji hayampeleki pwani asubuhi abaki naye au ampeleke kwa miguu. La pili, siku nyengine nyote mtembee: mdogo mgongoni, mkubwa kwenye kiti cha baskeli unayoisukuma, na ukishamwacha mdogo unapanda. La tatu, gari ya abiria. Sitakudanganya kuwa mtoto aliyepakatwa kwenye gari ya abiria yuko salama kama aliyefungwa kiti chake. Gari ikigonga, mikono ya mama haitoshi. Lakini gari ni chuma kikubwa kinachoonekana, haipinduki kwa sababu ya mchanga, na kwa safari fupi ni afadhali kuliko mgongo wa mwendesha baskeli. Ukipata kiti, kaa katikati au nyuma, usikae mlangoni.

Nalijibu na la mumeo hapa hapa. Amesema kweli kwamba bodaboda ni hatari zaidi. Nguvu ya kugonga inakua haraka kuliko mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Bodaboda ya kilomita 48 kwa saa ina mwendo mara nne ya baskeli yako, kwa hiyo mtoto yule yule anagonga chini kwa nguvu mara 16. Ameshinda hoja hiyo. Lakini bodaboda kuwa mbaya zaidi hakuifanyi keria iliyo wazi kuwa nzuri.

Tuje kwenye kupinduka. Watu hudhani baskeli iliyosimama haina hatari. Tafiti zilizofanywa Marekani na Japani juu ya watoto wanaopakiwa zimeonyesha kuwa watoto wengi huumia baskeli ikiwa imesimama au ikiwa ndiyo kwanza inaanza kwenda. Angalia hesabu yake. Keria iko juu kiasi cha sentimita 75, na mtoto wako akikaa, kichwa kinafika karibu mita 1.3 kutoka ardhini. Kichwa kikidondoka kutoka hapo kinafika kwenye lami kwa mwendo wa karibu kilomita 18 kwa saa, na baskeli haikwenda hata hatua moja.

Na inapinduka lini? Umesimama dukani kwa vitumbua, umeiegemeza ukutani, mtoto yuko juu, unatafuta sarafu kwenye mkoba. Au umeitia stendi ya upande, ile ya mguu mmoja, kwenye udongo uliolowa, stendi ikazama. Au kiatu chake kimeanguka ukainama kukiokota. Basi iwe ni sheria ya nyumba: mtoto ndiye wa mwisho kupanda na wa kwanza kushuka, na akiwa juu mkono wako mmoja uko kwenye baskeli, liwe liwalo. Japani, ambako akina mama wengi huwapeleka watoto skuli kwa baskeli, baskeli za kazi hiyo huwa na stendi pana ya miguu miwili inayoinua gurudumu la nyuma. Fundi wako anaweza kukufungia stendi kama hiyo. Hata ukiwa nayo, mtoto usimwache juu peke yake.

Kofia ngumu inafaa hapa hasa. Zile za kiwango cha Ulaya, zilizoandikwa EN 1078 ndani, hujaribiwa kwa kuangushwa kwa mwendo wa karibu kilomita 19.5 kwa saa, sawa na kudondoka kutoka mita 1.5. Linganisha na hesabu ya juu uone zimetengenezwa kwa anguko gani. Lori likimgonga mtoto, kofia haitabadilisha mengi. Akianguka kutoka kwenye keria, inaweza kuwa tofauti ya kulia na kuzimia. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kofia za baskeli hupunguza majeraha ya kichwa kwa karibu nusu, na yale makubwa kwa zaidi ya hapo.

Ya pikipiki ya mtu mzima usimvishe. Inaweza kufika kilo moja na nusu, inamzunguka kichwani kama chungu, na shingo ya mtoto ndiyo inayolipa. Kofia ya ujenzi nayo haikukusudiwa kuanguka na mtu. Agiza kwa mtu anayevuka kwenda Unguja au Dar es Salaam, umpe kipimo cha mzunguko wa kichwa kwa sentimita, upimie juu kidogo ya nyusi. Kwa umri wake kitakuwa kwenye 50 hivi. Ya mtumba si haramu, ila povu la ndani likiwa na ufa au limebonyea, iache, kwa sababu povu hilo hufanya kazi mara moja tu. Ikae usawa, vidole viwili juu ya nyusi, mkanda uache nafasi ya kidole kimoja chini ya kidevu. Kofia yake ya kiua aitie mfukoni mpaka mfike. Akikataa kuivaa, mvishe ndani ya nyumba akicheza kwa siku chache. Watoto hukataa kitu kigeni, wakishakizoea hulia ukikivua.

Barabara yenyewe sasa. Wewe unatoka mashariki kwenda Chake asubuhi, kwa hiyo jua liko mgongoni mwako. Kwako ni raha. Kwa dereva anayekuja kutoka mjini, jua lile liko machoni mwake, na wewe ni kivuli tu mbele yake. Anayetaka kuipita gari nyengine hakuoni. Kwa hiyo ukiona gari mbili zinakuja zimefuatana karibu karibu, usitegemee kuwa umeonekana. Punguza, na ikibidi shuka. Mvishe mtoto nguo ya rangi kali mgongoni, njano au chungwa, kwa ajili ya wanaotoka nyuma.

Usiibane sana kingo ya kushoto. Najua unafanya hivyo kwa heshima na kwa hofu. Lakini pembeni ndipo penye mchanga, na ndipo lami inapoishia kwa ngazi. Gurudumu likishuka pale na ukajaribu kulirudisha ghafla, unaanguka upande wa barabara. Acha nafasi ya hatua moja kutoka kingoni, mwende moja kwa moja bila kukata kushoto na kulia. Gari ya abiria ikisimama mbele yako, subiri nyuma yake. Usiipite kushoto, maana abiria wanashuka hapo.

Vilima ndiyo nilikoanzia kusema mshuke. Ukipanda, mwendo unapungua, na baskeli yenye mwendo mdogo inataka usukani uzungushwe zaidi ili isimame wima. Ukiongeza uzito nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na unayumba hata nusu mita kila upande. Hiyo nusu mita ndiyo anayoitegemea mwenye pikipiki anayekupita. Ukiteremka, wewe, mtoto na baskeli mnaweza kufika kilo 90, na breki zile zile. Kama ringi zako ni za chuma na imenyesha, mpira wa breki unateleza juu yake mita nyingi kabla haujashika. Wakati wa masika na vuli sikubaliani kabisa na mteremko wowote juu ya baskeli yenye mtoto. Mtoto wa miaka mitatu na nusu anaweza kutembea kilima. Mteremshe, mshike mkono upande wa majani, na baskeli iwe upande wa barabara. Mtachelewa dakika kumi; tokeni mapema dakika kumi.

Kabla hujampandisha kwenye kiti kipya, funga humo kilo 15 za mchele, uzunguke kiwanjani na upite njia yote mara moja. Shika breki, simama ghafla, pinda kona. Mchele ukianguka utauokota. Na fundi aangalie mpira wa breki, nati za magurudumu na upepo kila baada ya wiki chache, kwa sababu mzigo wa mtoto unalegeza vitu haraka.

Mama mkwe wako sitamjibu kwa hadithi ya kumfunga ngamia kisha utawakkal, yaani umtegemee Mungu, kwa kuwa bila shaka anaijua kuliko mimi. Mwulize tu, kwa adabu, asubuhi za utoto wa mumeo zilipita pikipiki ngapi pale Wawi. Na waliokua salama ndio waliobaki kutusimulia. Mshirikishe kwenye la kumlea huyo mdogo asubuhi; mara nyingi bibi anayepinga jambo huligeuka akipewa sehemu yake.

Jambo moja haliwezi kufanywa na mama peke yake. Mbele ya skuli kukiwa hakuna matuta, nenda na wazazi wenzako kwa sheha na kwenye kamati ya skuli. Mwendo wa gari mahali pa watoto unatakiwa usizidi kilomita 30 kwa saa. Hilo ni pendekezo la Shirika la Afya Duniani, na matuta hulitekeleza hata pasipokuwa na askari.

Nimalizie na lini uje kutuona. Mtoto akianguka akazimia hata kidogo, akatapika zaidi ya mara moja, akalala usingizi usioamshika, akapata degedege, akatokwa na damu au majimaji puani au masikioni, au tu hayuko kama alivyo siku zote, usingoje kuche. Nenda Hospitali ya Chake Chake, au Abdulla Mzee kama uko upande wa Mkoani. Mtoto wa chini ya mwaka akipata uvimbe wowote kichwani aje, hata akiwa anacheka. Aliyepigwa tumboni na usukani akilalamika maumivu, akakataa kula au tumbo likawa gumu, aje hata kama ni siku ya pili. Na kama mwanao ana udhaifu wa shingo au mwili, au aliwahi kupata degedege, tuonane kabla hujanunua kiti, kwa sababu ushauri wangu unaweza ukawa tofauti.

Mdogo akitimiza mwaka, akakaa wima bila kuegemea na shingo ikabeba kofia bila kuyumba, kiti kitakuwa chake. Wakati huo kaka yake atakuwa anakaribia miaka minne, miguu yake mizima, na kilima cha kutembea anakijua. Wote wawili kwenye baskeli moja, hapana.